Bia ya tangawizi kali nyumbani: hamira ya mwitu, ya mkate au ya mvinyo?

Swali la kwanza la anayeanza kutengeneza bia ya tangawizi kali huwa ni hili: nitie sukari kiasi gani? Sukari huweka mpaka wa juu wa kileo, basi. Kama mpaka huo utafikiwa au la, hiyo ni kazi ya hamira. Ukitia sukari ya kufikisha asilimia 14 halafu ukatumia hamira inayozimia kwenye 9, unabaki na kinywaji cha asilimia 9 kilichojaa sukari ambayo haijaliwa. Ukikifunga kwenye chupa hali ikiwa hiyo, joto la Februari linaiamsha hamira iliyolala na chupa inapasuka kabatini.

Kwa hiyo chagua kwanza nguvu unayoitaka, kisha hamira inayoiweza, na sukari ije mwisho. Hapa tunalinganisha njia tatu zinazowezekana katika jikoni la kawaida Nairobi: kianzio cha mwitu kinachotokana na tangawizi yenyewe, hamira kavu ya mkate, na hamira ya mvinyo. Vipimo vyote ni vya lita 10, katika ndoo ya lita 15 yenye kifuniko, ili povu lipate nafasi.

Sheria nayo itajwe mapema. Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya mwaka 2010 inadai leseni kwa kutengeneza kileo na kwa kukiuza. Ulizia ofisi ya leseni ya kaunti kabla ya kununua vifaa, na usiuze hata chupa moja bila leseni. Wala usichemshe kinywaji hiki ili kukusanya mvuke wake kama wapika chang'aa. Kinachoelezwa hapa ni kuchachusha tu.

Hesabu ya sukari na namna ya kuihakikisha

Gramu 17 za sukari katika lita moja ya kinywaji huzaa takriban asilimia 1 ya kileo, ikiwa hamira itaila yote. Kwa lita 10, hiyo ni gramu 850 kwa asilimia 5, kilo 1.36 kwa 8, kilo 2.04 kwa 12 na kilo 2.4 kwa 14. Wengi hukosea kwa kupima lita 10 za maji kisha kumimina sukari juu yake. Kilo moja ya sukari ikiyeyuka huchukua nafasi ya karibu mililita 620. Kilo mbili ndani ya lita 10 za maji hukupa lita 11 na ushee, na asilimia 12 uliyoipigia hesabu inakuwa chini ya 11. Yeyusha sukari kwenye lita 4 za maji, kisha jaza mpaka alama ya lita 10.

Kama una pesa ya kifaa kimoja tu, nunua haidromita, kipimo kinachoelea kwenye kinywaji na kuonyesha uzito wake ukilinganishwa na maji, ambayo husoma 1.000. Kinywaji cha kufikia asilimia 8 huanza kwenye 1.052 hivi, cha 12 kwenye 1.078. Sukari tupu ikiliwa yote, kipimo hushuka chini ya 1.000, kati ya 0.990 na 0.995, kwa kuwa kileo ni chepesi kuliko maji. Toa namba ya mwisho kwenye ya mwanzo, zidisha kwa 131, na hiyo ndiyo asilimia yako.

Asiye nayo anaweza kutumia mizani, na njia hii ni sahihi kuliko watu wanavyodhani. Hewa ya ukaa inayotoka kwenye ndoo ina uzito, nao unakaribiana sana na uzito wa kileo kinachozaliwa. Katika lita 10, kila asilimia 1 ya kileo huondoka na takriban gramu 75 za hewa. Pima ndoo nzima pamoja na kifuniko na mpira wake wa kutolea hewa siku unayotia hamira, uandike namba kwenye kifuniko kwa kalamu isiyofutika. Ikipungua gramu 600, umefika karibu asilimia 8. Mizani ya kuning'iniza inayopimia mabegi ya safari inatosha. Ukichota kidogo kuonja, pima kabla ya kuchota na baada yake, la sivyo utakihesabu ulichoonja kama hewa iliyotoka.

Tangawizi na maji: kwa njia zote tatu

Gramu 800 za tangawizi mbichi kwa lita 10 hutoa kinywaji kinachowasha koo bila kuficha ladha nyingine. Ukinunua kwa kilo soko la Marikiti, vunja kipande kabla ya kulipa: kiwe na maji ndani, kikatike kwa mlio, harufu iruke. Chenye nyuzi nyingi kavu kimezeeka, nacho huacha uchungu.

Usiipike yote. Ukali wa tangawizi mbichi unatokana na jinjaroli. Ikipikwa, sehemu ya jinjaroli hugeuka zinjeroni, iliyo pole na yenye harufu tamu. Ikikaushwa, hugeuka shogaoli, ambayo huwasha kushinda ile mbichi. Kwa hiyo paruza gramu 400 kwa greta na uchemshe dakika 25 pamoja na sukari. Maji ya Nairobi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi kwa sababu ya mwinuko, usiharakishe. Gramu 400 nyingine ziweke kwenye friza, uzitie mbichi ndani ya mfuko wa kitambaa safi baada ya mchachuko kutulia. Kileo kilichokwisha kuzaliwa huivuta jinjaroli vizuri zaidi kuliko maji, na siku 4 zinatosha. Ukiiacha wiki mbili, kinywaji huanza kuonja mbao.

Maji ya bomba yachemshwe au yaachwe wazi usiku kucha ili klorini itoke. Kuna jambo jingine ambalo mapishi ya kigeni hayalitaji: maji ya mabwawa ya Ndakaini na Sasumua yanayofika Nairobi ni laini, hayana madini ya kutosha kupunguza makali ya asidi. Hamira inavyokula sukari, asidi hupanda, na kwenye maji laini hupanda upesi mpaka hamira inakwama. Tiba ni rahisi. Chemsha maganda ya mayai mawili, yasage, uyatumbukize ndani ya kitambaa tangu siku ya kwanza. Huyeyuka taratibu kadiri asidi inavyozidi. Kwa sababu hiyo hiyo, malimau yasubiri mpaka mwisho. Kukamua malimau sita kwenye ndoo siku ya kwanza ni kumkaba mfanyakazi kabla hajaingia kazini.

Njia tatu kwa mkupuo

| | Kianzio cha mwitu | Hamira ya mkate | Hamira ya mvinyo |
|---|---|---|---|
| Nguvu ya kutegemea | 3–5% | 8–9% | 12–14%, hata zaidi |
| Sukari, lita 10 | gramu 600–850 | kilo 1.36–1.5 | kilo 2.04–2.4, kwa awamu |
| Joto linaloifaa | 20–28 | 20–27 | 15–25 |
| Mpaka kwenye chupa | siku 5–8, baada ya kianzio | siku 10–14 | wiki 4–5 |
| Ladha | chachu kidogo, harufu nyingi | mkate kidogo, kinywaji haking'ai | safi, kavu, kali |
| Hatari kuu | siki, mlenda | kukwama, kisha chupa kupasuka | njaa ya hamira |

Kianzio cha mwitu

Wanaoijua muratina wataielewa njia hii bila maelezo mengi: tunda la mwegea lililokaushwa hubeba hamira kutoka pombe moja hadi nyingine, na ganda la tangawizi hubeba ya kwake vivyo hivyo. Weka mililita 500 za maji yasiyo na klorini kwenye chupa pana. Kila siku ongeza gramu 15 za tangawizi iliyoparuzwa na ganda lake na gramu 15 za sukari, koroga, funika kwa kitambaa. Kati ya siku ya 5 na ya 7 mapovu huanza kupanda, na ukiinamisha sikio unasikia mchirizo kama wa soda iliyofunguliwa. Chuja, utie yote kwenye lita 10. Kama siku ya 7 imepita na pametulia tuli, tangawizi ile ilioshwa sana au iliuliwa vijidudu vyake kabla ya kuuzwa. Jaribu ya muuzaji mwingine.

Uzuri wake ni harufu, na hapo hakuna njia inayoushinda. Udhaifu wake ni kwamba si hamira peke yake. Mwaka 1892 mtaalamu wa mimea Harry Marshall Ward alichapisha uchunguzi wake wa kianzio cha bia ya tangawizi cha Uingereza, akaonyesha kuwa ni hamira na bakteria wanaoishi pamoja. Bakteria hao hula sehemu ya sukari na kutoa asidi. Ukiongeza sukari ili kupata nguvu, unawapa nao muda zaidi wa kufanya kazi. Kinywaji kikianza kuvutika kama mlenda wa bamia, ni bakteria wanaogeuza sukari kuwa ute. Hakiokoki, mwaga na uchemshe vyombo. Utando mweupe laini juu ya kianzio huondolewa kwa kijiko. Wenye manyoya au rangi ya kijani ni kuvu, tupa chote.

Anayetaka kinywaji kikali asiitumie njia hii peke yake. Lakini kuna mchanganyiko unaofaa sana: acha kianzio cha mwitu kifanye kazi saa 36, kisha tia hamira ya mvinyo. Harufu inabaki, na hamira yenye nguvu inamaliza sukari kabla ya bakteria kuharibu.

Hamira ya mkate

Ni rahisi, inapatikana kila duka, na kwa asilimia 8 ni chaguo la heshima. Tumia gramu 8. Iloweke dakika 15 kwenye maji ya nyuzi 35 hadi 38, yaani vuguvugu la kumwogeshea mtoto mchanga, kisha tia ndani ya ndoo ambayo imepoa chini ya 28. Kuimwaga kavu juu ya maji yenye sukari nyingi huua sehemu kubwa ya chembe kabla hazijaamka. Toboa kifuniko, pitisha mpira mwembamba, ncha ya pili uizamishe ndani ya chupa ya maji ili hewa itoke bila kuingia.

Mchachuko hupamba moto siku ya 2 na ya 3, hutulia siku ya 7. Tatizo la kwanza ni joto. Nyumba ya mabati mwezi wa Februari hufika nyuzi 30 na zaidi alasiri, na hapo hamira hii hutoa harufu kama ya kiondoa rangi ya kucha na kileo kinachounguza koo. Weka ndoo ndani ya beseni la maji, uifunike kwa taulo lililoloweshwa. Hilo hushusha nyuzi kadhaa. Julai shida hugeuka. Usiku nyumba ikishuka chini ya 17, hamira husinzia, na mtu anadhani imemaliza.

La pili ni ulafi wa sukari. Wapo wanaoifikisha hamira ya mkate kwenye asilimia 11 au 12, na huwezekana, lakini huwezi kuitegemea. Ukitia kilo 2, mara nyingi hukwama kipimo kikiwa 1.020 au juu yake. Hapo usitie kwenye chupa kamwe, hata kama mapovu yamekoma wiki nzima. Ongeza maji mpaka lita 12 ili kupunguza kileo na asidi, pasha joto chumba, ukoroge masimbi, yaani mashapo ya hamira yaliyotuama chini, yapande juu. Bado ikigoma, tia hamira ya mvinyo iliyoamshwa kando kwa saa kadhaa katika kikombe cha kinywaji hicho hicho kilichochanganywa na maji.

La tatu ni ukungu, yaani kinywaji kutong'aa, si kuvu. Hamira ya mkate haizami vizuri. Siku mbili kwenye friji kabla ya kujaza chupa huondoa sehemu kubwa ya ukungu huo pamoja na ladha ya unga mbichi.

Hamira ya mvinyo

Hii ndiyo njia ya kweli ya kupata kinywaji kikali, na inastahili uvumilivu. Aina inayofahamika sana ni Lalvin EC-1118. Huvumilia kileo mpaka asilimia 18 na hufanya kazi kati ya nyuzi 10 na 30, hivyo baridi ya Julai haiisumbui. Pakiti ya gramu 5 inatosha lita 10 na kubaki, na wauzaji wa vifaa vya mvinyo huiuza mtandaoni. Ghali kuliko ya mkate, ndiyo, lakini masimbi yake yanaweza kuanzisha ndoo inayofuata ukiwahi siku hiyo hiyo.

Adui yake ni njaa. Maji, sukari na tangawizi havina naitrojeni ya kutosha kwa hamira inayotakiwa kufika asilimia 12. Dalili ya kwanza ni harufu ya yai viza siku ya 3 au ya 4, ya pili ni kusimama ghafla. Tumia chakula cha hamira aina ya daiamoniamu fosfeti, gramu 10 kwa jumla, nusu baada ya saa 24 na nusu siku ya 3. Usipokipata, chemsha gramu 15 za hamira ya mkate kwenye kikombe cha maji kwa dakika 10, mpaka ife kabisa, umimine: hamira hai hula iliyokufa. Konzi ya zabibu kavu inayotajwa kila mahali ni ladha zaidi kuliko lishe. Lishe yote iingie kabla kileo hakijapita asilimia 9, baadaye hamira haiwezi tena kuifyonza, nayo inabaki kinywani mwako kama chumvi.

Sukari nayo iende kwa awamu, kwani sukari nyingi mno mwanzoni huinyonya hamira maji. Kwa asilimia 12: anza na lita 8.5 zenye kilo 1.2. Siku ya 3 ongeza gramu 420 zilizoyeyushwa kwenye mililita 400 za maji na kupozwa, siku ya 5 rudia, kisha jaza mpaka lita 10. Anayetumia mizani apime upya kabla na baada ya kila nyongeza. Usimwage sukari kavu ndani ya ndoo inayochemka kwa gesi. Kila punje huwa mahali pa povu kuzaliwa, na kinywaji hupanda na kumwagika sakafuni kama soda iliyotikiswa.

Baada ya wiki 2 hadi 3 kipimo kitasimama. Kikiwa sawa kwa siku tatu mfululizo na kiko chini ya 1.000, kihamishe kwa mpira kwenye ndoo safi, ukiacha masimbi. Tia tangawizi mbichi kwa siku 4, kisha malimau matatu yaliyokamuliwa. Ukionja siku hiyo utakatishwa tamaa: kikavu, kinachoma, hakina mwili. Kipe wiki 6 hadi 8 kwenye chupa mahali penye giza. Huu ndio ushauri unaopuuzwa kuliko wote, na ndiyo sababu wengi husema bia kali ya tangawizi haina utamu wa kunyweka.

Ile hamira ya haraka inayotangazwa kufikisha asilimia 14 kwa siku chache, iache. Imeundwa kwa wanaokwenda kuchemsha mvuke, na ladha haikuwa lengo.

Gesi, utamu na chupa

Hapa njia zote tatu hukutana na ukuta mmoja: hamira hai haikupi gesi na utamu wa sukari katika chupa moja. Sukari yoyote unayoiacha itageuka gesi. Gramu 4 kwa lita huzaa takriban lita 1 ya gesi kwa kila lita ya kinywaji. Soda huwa na lita 3.5 hadi 4. Kinywaji kilichofungwa kikiwa na gramu 20 za sukari kwa lita kinaelekea lita 5 juu ya ile iliyokuwemo, na chupa ya bia ya kioo haikutengenezwa kwa hilo.

Basi acha hamira imalize sukari yote, kisha tia gramu 6 hadi 7 kwa lita, ufunge. Tumia chupa za plastiki za soda za lita 2, ambazo zimetengenezwa kwa mgandamizo huo. Bonyeza ubavu kila siku. Ikigoma kubonyea kama soda mpya ya dukani, weka kwenye friji. Ya mkate huchukua siku 3 hadi 5. Ya mvinyo yenye asilimia 12 inaweza kuchukua wiki 4, kwa kuwa hamira imechoka, na si vibaya ukaamua kuinywa bila gesi. Utamu utie kwenye gilasi wakati wa kunywa, kwa shira ya sukari nguru au asali, au tumia stevia, ambayo hamira haiili.

Vyombo vyote vioshwe, kisha vilowekwe dakika 10 kwenye maji ya dawa ya klorini ya nyumbani isiyo na manukato, kijiko kimoja cha mezani kwa lita 4, na kusuuzwa kwa maji yaliyochemshwa.

Uchukue ipi

Kama hujawahi kutengeneza, chukua hamira ya mkate na kilo 1.36 za sukari. Asilimia 8 ni kali ya kutosha, unaonja matokeo ndani ya wiki tatu, na makosa yake yanarekebishika. Kama harufu na ule uchachu mwepesi ndivyo unavyovipenda, kianzio cha mwitu kwa asilimia 4, kinyweke ndani ya wiki mbili kikikaa kwenye friji. Kwa asilimia 12, hamira ya mvinyo pekee, na usianze kama huna subira ya miezi mitatu.

Ipo njia ya nne kwa mwenye haraka: tengeneza ya mkate ya asilimia 6 kwa kilo 1.02 za sukari, kisha ongeza pombe kali isiyo na ladha ya asilimia 40, yenye stempu ya ushuru ya Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA). Lita 1.33 juu ya lita 10 hufikisha asilimia 10. Ladha haiungani vizuri kama iliyochachuka pamoja, lakini nguvu unaijua bila kubahatisha.

Kwa vyovyote vile, andika asilimia kwenye kila chupa. Tangawizi huficha kileo: nusu lita ya asilimia 12 ina mililita 60 za kileo halisi, zaidi ya chupa mbili za bia za ujazo huo huo zenye asilimia 5, na mgeni anayeinywa kwa kiu kama soda hatalijua hilo mpaka asimame.